Madigadi ya Kushoto

Kamakis, Ruiru
3 Februari 2025

Baba,

Ninaandika kwa kalamu kwa sababu simu huisikii, na meseji zangu unazisoma zikiwa zimeoza. Ngendo wa mayai atakuletea barua hii akipita Landless kesho. Ukitaka kujibu mpe yeye. Ruiru anakuja Jumanne na Ijumaa.

Hutaamini gari nililowekewa mbele yangu. Datsun ya mashindano ya 1973, nyekundu, boneti nyeusi, imekaa miaka arobaini chini ya magunia kwenye stoo ya kahawa. Ilikuwa ya Pelling, yule mzungu wa shamba la kahawa uliyemtengenezea magari kabla sijazaliwa. Nimefungua kisanduku cha zana nikakuta ndani ya kifuniko mtu amekwaruza kwa msumari: N. SIFUNA FUNDI 1974. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakafikiri nimelewa petroli.

Mdosi wangu, Muriithi, ameinunua kwa warithi, na mwezi ujao inauzwa kwa mnada ng'ambo. Baba, matajiri wa huko wanazitaka hizi gari kama wazimu. Sikujua bei inavyopangwa. Namba ya chesisi lazima ilingane na ya injini. Bati liwe lilelile lililotoka nalo kiwandani. Na kila mwaka wa maisha yake uwe na ushahidi: nani aliiendesha, wapi, ikamaliza ya ngapi. Ikikosa historia ni chuma tu. Ikiwa nayo, hiyo gari moja inaweza kununua nyumba tano pale Membley.

Mimi kazi yangu ni bodi, na nimekatazwa kugusa mahali pamoja tu: madigadi ya mbele kushoto, lile bati linalofunika gurudumu, pale lilipobonyea kando ya taa. Muriithi anasema hapo ndipo bei iko. Gazeti la zamani linasema mligonga nyati mkiwa mazoezini, na bado mkaja kumaliza wa tatu katika daraja lenu. Mnunuzi anataka kupapasa pale nyati alipoacha alama.

Kinachokosekana ni mtu aliye hai aliyekuwa ndani siku hiyo. Umebaki wewe peke yako. Andika ukurasa mmoja, utie sahihi, na Muriithi atakununulia vile vifaa vya masikio. Nimeshamwambia utakubali.

Binti yako,
Jentrix


Landless, Thika
8 Februari 2025

Jentrix,

Barua imefika. Yai moja lilipasukia juu yake lakini nimeisoma.

Sitaandika kitu. Mwambie mwajiri wako kwamba mzee amesahau. Gari hilo lilipaswa kukatwa vipande likayeyushwe, na miaka hii yote nilidhani lilishayeyushwa. Tangu nisome ulivyoandika, chakula hakipiti. Nina ladha ya kutu mdomoni, hata chai inanuka.

Vifaa vya masikio sivitaki.

Kama unaweza kuacha kazi hiyo, acha. Kama huwezi, pale palipobonyea usipaguse kwa mkono mtupu.

Baba yako,
Nicanor Sifuna


Ruiru
11 Februari 2025

Baba,

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara imenikasirisha zaidi. Ati ladha ya kutu! Mimi ndiye nimeaibika mbele ya Muriithi, mimi niliyejisifu kwa gereji nzima kwamba babangu alikuwa ndani ya hiyo gari.

Najua kinachokuuma. Picha ya gazeti nimeiona. Pelling ameinua kombe, na wewe uko nyuma umekatwa nusu, bega na kofia tu. Jina lako hawakuandika, waliandika "na fundi wake." Miaka hamsini na moja unameza hiyo. Pole. Lakini sasa ndiyo nafasi ya jina lako kuandikwa, na wewe unanuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Ni wewe ulinifunza kunyoosha bati nikiwa darasa la saba, wakati wanaume wote pale gereji walikuwa wanakuambia msichana apewe ndoo aoshe magari. Hukuona haya kwa ajili yangu. Sasa unaona haya ya nini?

Muriithi amechoka kungoja, ameandika ushuhuda mwenyewe. Nimeuweka ndani ya bahasha hii. Wewe tia sahihi tu. Ameeleza nyati vizuri sana, hadi pembe.

Jentrix


Landless
17 Februari 2025

Jentrix mwanangu,

Karatasi ya Muriithi nimeisoma. Ameandika kwamba nyati "alisimama katikati ya barabara, akatutazama bila woga, kisha akaanguka kishujaa." Nimeitia ndani ya jiko la makaa. Nitakueleza mara moja tu, na ukishasoma unaweza kuichoma na hii.

Hapakuwa na nyati.

Ilikuwa wiki tatu kabla ya mbio za Pasaka, 1974. Tulitoka shambani Ruiru alfajiri, tukapita Thika, tukaingia barabara ya vumbi ya Gatuanyaga kujaribu springi mpya. Pelling alikuwa na pombe ya jana kichwani. Jua lilikuwa limechomoza mbele yetu, likatupiga machoni. Mwanamke akatokea upande wa kushoto, debe la maji kichwani. Usukani ulitetemeka, debe likaruka juu ya paa, halafu kimya.

Alikufa papo hapo. Pelling akasema hakuna aliyeona. Tukambeba, yeye miguu, mimi mabega, tukamlaza ndani ya mkonge mbali na barabara. Kisha tukateremka mtoni nikaliosha gari. Mimi, Jentrix. Kwa kitambaa na petroli. Nilichomoa nywele kwenye ukingo wa taa, moja moja, kwa vidole hivi nilivyokushikia nyundo. Pelling alikaa juu ya jiwe akivuta sigara. Akasema, "Tutasema nyati. Magazeti ya Ulaya yatapenda."

Yakapenda.

Baada ya wiki mbili nilirudi huko kwa baiskeli, nikajifanya natafuta mbuzi wa kununua. Nikaambiwa jina la yule mwanamke ni Nzisa. Walimpata siku ya tatu, kwa harufu. Mumewe alikuwa ameshikwa na polisi, kwa sababu majirani walijua waligombana wiki hiyo. Kulikuwa na mtoto wa miaka sita, Kitonga, ameketi mlangoni anakula ugali mkavu. Nilimpa shilingi. Nikapanda baiskeli yangu nikaenda.

Mama yako ameingia kaburini bila kujua hili.

Baba yako


Ruiru
24 Februari 2025

Baba,

Barua yako niliisomea chooni, ndipo mahali pekee pa kujifungia hapa kazini. Nilikaa mpaka mtu akagonga.

Ijumaa nikamwambia Muriithi. Usinikasirikie. Nilifikiri ataona aibu, aiondoe gari kwenye mnada, angalau aondoe lile jambo la nyati. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Babangu na mimi."

Akakuna shingo. Halafu akampigia simu wakala wa mnada hukohuko ng'ambo, akaweka spika, akamweleza mbele yangu. Nikangoja huyo mtu ashtuke. Baba, alisema, "Nyati kila mtu anaye. Hii ni ya kipekee." Alisema hivyo. Muriithi akanitazama akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Jumamosi maandishi mapya yalifika. Nakutafsiria: "Gari lenye siri nzito. Bati halijaguswa tangu asubuhi ya mauti." Bei ya kuanzia wameiongeza kwa robo. Na wanauliza kama familia ya marehemu ina picha yake, hata ndogo, hata kuukuu, ya kuweka ukurasa wa pili. Muriithi ameshaniuliza Gatuanyaga ni upande gani.

Nilitapika nyuma ya kompresa. Wenzangu wakauliza kama nina mimba.

Jambo lingine. Mimi ni fundi, Baba, na ni wewe uliyenifunza. Mtu aliyeketi kiti cha abiria husikia kishindo. Hawezi kujua kama usukani umetetemeka. Umeandika usukani ulitetemeka.

Nani alikuwa ameushika?

Jentrix


Landless
7 Machi 2025

Jentrix,

Mimi.

Pelling alikuwa amelala kiti cha kushoto, mdomo wazi, mate yanamtoka. Kabla hajalala alinipa funguo akasema niende taratibu. Sikuenda taratibu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nimelilalia chini gari lile miezi mitano nikilitengeneza bila kuruhusiwa kuliendesha hata hadi getini. Jua liliponiingia machoni sikukanyaga breki. Nilikanyaga zaidi, nikidhani barabara ni tupu. Hakuna aliyeniamuru. Nilipenda.

Nilikuandikia uongo kwa sababu ulikuwa umenijengea jina zuri na mimi nikalionea uchoyo.

Uliposema Muriithi anauliza njia ya Gatuanyaga niliona lazima nifike kabla yake. Nilikodi bodaboda juzi. Kitonga nimempata. Ana miaka hamsini na saba, ana duka la vyakula vya mifugo, mkono mmoja hauinuki vizuri. Nilimwambia palepale kaunta, kabla hajaniuliza nataka gunia la nini. Unajua masikio yangu. Ilibidi apaze sauti kila neno, na wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Gari gani?"

Nikamwambia.

"Nani aliendesha?"

"Mimi."

"Baba alifungwa miezi minane!" alipiga kelele. "Miezi minane! Akatoka akahamia Mwea, akafa huko, na mimi sikumzika! Nilikataa kumzika! Nilijua ni yeye!"

Wateja waliondoka. Yeye akapima gunia moja la pumba, akalifunga kwa kamba, akalifungua, akalipima tena. Nilingoja anipige. Mwishowe aliniambia nirudi tarehe ishirini na tisa nimwonyeshe mahali. Mamake aliokotwa mkongeni, lakini alipoangukia hakuna aliyewahi kujua, na yeye anataka kupajua.

Nilimwonya kuhusu picha. Alisema hakuna picha. Mamake hakuwahi kupigwa hata moja.

Baba yako


Ruiru
26 Machi 2025

Baba,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi.

Alhamisi ile ya tarehe sita Muriithi alienda Nairobi kufuata karatasi za meli. Nikafunga geti, nikatoa gurudumu la mbele kushoto, nikachukua nyundo na chuma cha kushikilia nyuma, nikaanza. Bati la zamani ni zuri, Baba, linasikia. Ukilipiga vizuri linarudi lilikotoka. Lakini lile halikutaka. Nililipiga kuanzia saa tatu hadi saa nane, na kila pigo nilimtaja Pelling. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Saa nane nikapitisha kiganja, na palikuwa laini kama shavu.

Muriithi aliporudi alishika kichwa. "Jentrix, umeniua." Nikamwambia aliyeuawa ni mwingine. Akanifukuza hapohapo, na spana zangu amebaki nazo. Oluoch, fundi wa rangi, alinisindikiza hadi barabarani, akanipa maji.

Kesho yake Ngendo akaniletea barua yako. Neno la kwanza: "Mimi." Nimempiga mzungu mfu nyundo siku nzima, kumbe nilikuwa nakupiga wewe.

Sasa sikia mwisho wake. Gari iliuzwa Jumamosi. Ilisafirishwa kwa ndege badala ya meli ili iwahi. Muriithi alikuwa ameshapiga picha za lile bonyeo kutoka kila upande, na vipimo juu yake. Oluoch anasema mnunuzi ni mtu mwenye magari sitini, anayahifadhi kwenye jumba lenye zulia, na ameshapata fundi wa huko atakayelibonyeza tena kwa kufuata picha. Anataka liwe kama lilivyokuwa. Kuna mtu, Baba, ataamka asubuhi, anywe chai, anawe mikono, kisha apige bati kwa uangalifu mpaka lichukue umbo la mamake Kitonga. Halafu watu waje na glasi zao watazame.

Sijui ni nani ananichukiza zaidi. Kila nikiwapanga, unarudi mbele wewe.

Jentrix


Landless
2 Aprili 2025

Jentrix,

Spana zitanunuliwa. Nisamehe kwa kazi uliyopoteza.

Nilienda tarehe ishirini na tisa. Kitonga alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakunipa mkono. Tulitembea, yeye mbele. Nilikuwa na hofu kwamba sitapatambua, kwa kuwa mkonge umeng'olewa na barabara imesogezwa, watu wamejenga mabanda ya kuku. Lakini pana mwamba mweusi unaotokeza pale njia inapoinama, nao haukusogezwa. Nikasimama nilipoona debe likiruka. Nikamwambia, ni hapa.

Alivua kofia. Alitazama chini muda mrefu. Mahali penyewe si kitu, vumbi na mavi ya mbuzi na mfuko wa plastiki. Kisha akageuka akaniuliza swali. Sikulisikia. Akarudia, sikulisikia. Mara ya tatu alipiga kelele hata mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akageuka.

"ALIKUWA HAI?"

Nilikuandikia wewe kwamba alikufa papo hapo. Dukani nilimwambia yeye vilevile. Nimejiambia hivyo miaka mingi mpaka ikawa kama kumbukumbu. Lakini nilikuwa nimesimama pale, Jentrix, na mwamba ulikuwa ule ule.

Alikuwa hai. Tulipombeba alikuwa akipumua kwa kukoroma. Mkono wake ulishika shati langu, hapa, kwenye kifungo cha pili. Alisema maneno, kwa Kikamba, sikuyaelewa. Hospitali ya Thika haikuwa mbali, na gari lile lilikuwa jepesi kuliko lolote katika wilaya nzima. Pelling alisema tukimpeleka nitafungwa mimi, si yeye. Nikaondoa vidole vyake kwenye shati. Tukamlaza mkongeni. Tukaondoka akiwa bado anakoroma.

Nilimwambia Kitonga hivyo hivyo nilivyokuandikia. Akaniuliza kama nakumbuka sauti ya maneno yale hata kama sikuyaelewa. Nikajaribu kuyasema. Nilisema nilichokumbuka, vipande viwili. Akafunga macho. Hakunieleza maana yake na sikuthubutu kuuliza.

Akavaa kofia akaondoka. Nilirudi Thika kwa miguu hadi nikashindwa.

Ukitaka kuacha kuniandikia, nitaelewa.

Nicanor


Ruiru
14 Aprili 2025

Baba,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Kila nikiikunjua naona mkono wa mtu kwenye shati, na mkono wako. Nikishika chakula naona mkono wako. Juzi nilishika nyundo kwa kazi ya mtaani, nikaiweka chini, kwa sababu naishika vile ulivyonifunza kuishika.

Sitasema nimekusamehe. Si mimi wa kusamehe, na sijisikii hivyo. Nakuonea kinyaa. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara nne, sasa nimeliacha.

Ngendo alinitafutia namba ya Kitonga, nikampigia simu. Hakutaka salamu. Alisema Jumanne baada ya Pasaka, saa tatu asubuhi, atakuwa kwenye kituo cha polisi, na anataka uandikishe kila kitu kwa sauti, mbele yake, gari na mwaka na mkono na yale maneno mawili, ili jina la babake litolewe kwenye faili la kifo kile. Nilimuuliza kama polisi watashughulika na jambo la zamani hivyo. Akasema hiyo ni juu yao, yeye atakuwa amekaa kwenye benchi hadi waandike. Kisha akasema jambo moja bila mimi kuuliza. Yale maneno ya mamake. Alikuwa akisema mtoto hajala.

Nitakuja Landless Jumatatu jioni, nilale, asubuhi twende pamoja. Utakachoshindwa kusikia nitakurudia sikioni, na watakapokuambia uende nyumbani, mzee, haya yamepita, sitakuruhusu uende.

Usinichinjie kuku. Usipike kitu chochote. Nitakuja na chakula changu.

Jentrix